Kisu cha Mpiga Mbizi na Wavu wa Mama Tusajigwe

Juzi mmoja wenu alinifuata hapa nyumbani Matema, yule binti anayejifunza kuzamia ili awaongoze wageni. Alinikuta nakula. Akaweka kisu mezani, karibu na sahani yangu ya wali, akaniuliza, "Babu, hiki kinafaa?" Kilikuwa kizuri, kinang'aa, na ncha yake kali kama ya mkuki. Nikamwambia kinafaa kwa mtu anayetaka kujitoboa mwenyewe. Alicheka, akashukuru, akaenda zake. Baadaye nikaona nimemjibu vibaya. Aliuliza jambo zito nami nikampa mzaha. Basi haya ni majibu yake, na ni yenu nyote mnaoingia majini siku hizi na mitungi ya hewa mgongoni. Ni marefu kidogo. Mnivumilie.

Mimi nilikuwa mpiga mbizi wa samaki wa mapambo. Wengi wenu mmesikia tu kwamba kulikuwa na kazi hiyo. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaanza kutafuta cha kuuza nje, alikuja tajiri mmoja akagundua kwamba vile visamaki vya rangi vinavyokaa kwenye miamba ya ziwa letu kule Ikombe, ambavyo sisi tulivipuuza kwa sababu havishibishi, Wazungu wanaviweka kwenye vioo sebuleni na kuvitazama. Alileta mitungi, kompresa ya kujazia hewa, na boti yenye injini. Akatafuta vijana wasioogopa maji. Mimi ni Mkisi, nimezaliwa Ikombe, mama yangu alifinyanga vyungu na sisi watoto wake tulikua majini kama bata. Nikachukuliwa siku hiyohiyo.

Kisu cha kwanza nilichoshuka nacho kilikuwa cha mama, cha kumenyea ndizi. Nilikiiba jikoni. Mpini wake ulikuwa wa mti, na mti ukikaa majini unavimba, ukikauka unapasuka. Haukupita muda nikajikuta chini kule nimeshika mpini mtupu, chuma kimeshaenda zake kati ya mawe. Mama alikitafuta kisu chake asubuhi nzima, akamlaumu jirani, na mimi nikamsaidia kutafuta.

Cha pili nilinunua mwenyewe gulioni Lyulilo, cha chuma kisichoshika kutu. Kwa kuogopa kukipoteza kama kile cha kwanza nikajiona mjanja: nikakata boya la wavu, nikalifunga kwenye mpini ili kisu kisizame. Siku nilipokihitaji nilikuwa nimenaswa mguu na kamba ya nanga. Nikakichomoa, kikaniponyoka. Kilipanda. Nilikitazama kikipanda juu ya kichwa changu polepole, kikizidi kuwa kidogo, nami niko chini na kamba yangu mguuni. Aliyenikata siku hiyo ni mwenzangu Lackson, na alicheka hadi kinywa cha mtungi karibu kimtoke. Kwa hiyo andikeni hili la kwanza: kisu cha mpiga mbizi kizame. Kisizame mbali nawe tu. Kifungwe mkononi kwa ukanda mfupi wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Msitumie kamba ya nailoni. Mpira ukinaswa mahali utaukata kwa kuvuta, ila nailoni itakuvuta wewe.

Lackson alikuwa wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, mto Songwe, lakini mama yake alizaliwa Katumba Songwe, upande wetu, kwa hiyo Kinyakyusa chake kilikuwa kama chetu, kimekolezwa tu na lafudhi ya kule. Alinizidi umri, nikamwita kaka. Kule kwao kazi ya samaki wa mapambo ilikuwa imetangulia, na alikuja kwetu akiwa ameshaijua. Mtu mrefu, mtulivu, anayekula taratibu na kusema taratibu. Yote ninayowaambia kuhusu chuma na makali yametoka kwake, isipokuwa jambo moja, na hilo nitalifikia.

Ncha, kwa mfano. Nilikuwa na kisu chenye ncha kama cha yule binti. Nikawa nakirudisha kwenye ala bila kutazama, kikapita pembeni na kutoboa jaketi la hewa linalokusaidia kupanda. Nilikaa kwenye mchanga nikisikiliza mapovu yakitoka kama chungu kinachochemka. Jioni Lackson akanikalisha chini.

"Kule chini kuna mtu unakwenda kumchinja?" akaniuliza.

"Hapana, kaka."

"Basi ncha ya nini? Ikate."

Nikakipeleka Kyela mjini kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye jiwe la kunolea la umeme. Dakika chache tu ncha ikawa imekwisha, nami nikafurahi. Lakini chuma kilikuwa kimepata rangi ya bluu, kama shingo ya njiwa, na tangu siku hiyo kisu hakikushika makali tena. Unakinoa asubuhi, mchana kinashindwa kukata jani. Kuna mhunzi wa Kikinga aliyeshuka kutoka milimani akaweka kiwanda chake karibu na njia ya Matema. Alikitazama akanirudishia kwa vidole viwili. "Chuma kikibadilika rangi kwa moto wa jiwe, kimelegea," akasema. "Ungekata kwa msumeno wa chuma, umalizie kwa tupa, na kila mara unachovya kwenye maji. Una haraka ya nini?" Akanitengenezea kingine kwa springi ya lori.

Hapo mtasema, springi ya lori inashika kutu. Ndiyo, inashika. Ila ziwa letu ni la maji baridi, si chumvi, kutu yake ni ya polepole, na ukikikausha na kukipaka mawese kila jioni kitakaa miaka. Chuma kisichoshika kutu ni cha mvivu. Hakina kutu lakini makali yake yanakimbia. Chagueni kufuatana na tabia zenu. Mimi napenda springi. Mwenzangu mmoja alipenda kile kingine, na sote tumezeeka.

Ncha ikishakatwa, iache bapa, kama patasi, ili uweze kubenulia jiwe lililobana. Upande mmoja wa kisu uwe makali matupu, laini. Upande wa pili uweke meno, kwa tupa ya pembetatu ile ya maseremala wanaonolea misumeno. Makali laini ni ya kamba nyembamba, meno ni ya kamba nene. Mpini uzungushie tyubu ya baiskeli, uibane vizuri, mkono wenye ubaridi usiteleze. Ala tulikata kwenye dumu la mafuta, tukaipasha moto na kuikunja, kisha tukatoboa tundu chini maji na mchanga vipate kutoka.

Halafu zikaja nyavu za plastiki.

Zamani nyavu zetu zilikuwa za nyuzi zilizosokotwa, unaziona majini kutoka mbali. Biashara ilipofunguliwa wachuuzi wakaanza kuvusha zile za uzi mmoja mwembamba unaong'aa, wengine wanaziita timba. Zilivua sana, ndiyo maana kila mtu alizitaka. Chini ya maji huzioni. Unaogelea, unahisi kama utando wa buibui usoni, unageuka kutazama ni nini, na kule kugeuka ndiko kunakokufunga. Makali laini yanateleza juu ya uzi ule kama hujauvuta ukakaza. Meno yanaukusanya tu. Lackson alikaa na tupa ya mviringo akachonga kidomo karibu na mpini, kama mdomo wa samaki ulio wazi, akakinoa kwa ndani kwa msasa alioufunga kwenye msumari. Unaingiza uzi kwenye kidomo, unavuta, umekatika. Tukachonga kwenye visu vyetu vyote. Tulijisifu sana kwa kidomo kile.

Wa kwanza kukatwa wavu wake ni Mama Tusajigwe wa Ikombe. Alikuwa mjane. Wavu aliununua kwa vyungu, alifinyanga kuanzia kiangazi mpaka mvua, akapakia mitumbwi kwa mitumbwi kwenda gulioni, na akampa mdogo wa marehemu mume wake autege. Lackson alinaswa ndani yake kwenye maji ya tope, akatumia kidomo, akatoka bila kukwaruzika. Alikata kipande kikubwa, kwa maana mtu aliyenaswa hapimi.

Mama Tusajigwe alikuja ufukweni tukiwa tunapakua. Alikuwa amebeba wavu kichwani. Akautandaza kwenye mchanga mbele ya miguu ya Lackson, akautandaza wote, ili tuone tundu.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi sikujui. Nimeambiwa mama yako ni wa Katumba. Ingekuwa mama yako ndiye mwenye wavu huu, ungeukata hivi?"

Lackson akainama, akalishika tundu.

"Nyie mnachukua samaki wasioliwa, mnalipwa. Sisi tunaotafuta wa kula mnatukatia. Niahidi hutaukata tena wavu wangu."

"Naahidi, mama."

"Sema mbele ya hawa."

Akasema mbele yetu. Tajiri alikuwepo, akatoa fedha kidogo ya fidia, lakini nilimwona Lackson uso wake. Ile fedha haikumponya. Kuanzia siku ile alianza kutufundisha kujinasua kwa vidole. Ukinaswa simama kwanza, usigeuke, pumua, tafuta kwa mkono mahali uzi ulipokamata, urudishe nyuma kama unavyovua shanga. Ni mafunzo mazuri na hata leo nawapa. Kosa lilikuwa kwamba yalichukua nafasi ya kisu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia hivyo. Sote tulimwona mtu wa heshima. Na kweli alikuwa mtu wa heshima.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyopandisha samaki, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Samaki wa chini ana kifuko cha hewa tumboni. Ukimpandisha haraka kifuko kinavimba, anakufa macho yametoka. Kwa hiyo tuliwaweka kwenye madumu yenye matundu, tukayaning'iniza kwenye kamba, na kuyapandisha hatua kwa hatua, leo hapa, kesho juu kidogo. Tulikuwa waangalifu kuliko wauguzi. Mwili wa mtu nao una hali kama hiyo. Ukikaa chini muda mrefu hewa inaingia kwenye damu, na ukipanda mbio inatoka kwa mapovu ndani ya mishipa. Hayo tuliyajua. Lackson ndiye aliyetufundisha.

Ilikuwa asubuhi baada ya upepo mkali wa kusini. Upepo huo huwa unazihamisha nyavu, zile za kina kirefu zinaburutwa mpaka kwenye miamba. Tulishuka mara ya kwanza, tukapumzika, tukashuka tena. Tulipojaza dumu Lackson alinionyesha kwa kidole nilipandishe hadi mahali pake pa kati, yeye akabaki akikusanya nyavu zetu ndogo za kukamatia samaki. Nilipanda na dumu. Nililifunga kwenye kamba, nikakaa hapo kidogo kama inavyotakiwa. Chini palikuwa na tope, sikumwona, na sikushangaa kutomwona.

Kisha kitu kilinipita. Alikuwa ni yeye, anapanda mbio, kichwa kimetupwa nyuma, mikono inavuta maji. Pezi moja halikuwepo mguuni.

Nilipofika juu alikuwa ameshavutwa ndani ya boti na mwendesha boti, amelala juu ya madumu, anapumua kwa nguvu na anacheka. Kweli alikuwa anacheka.

"Nilinaswa," akasema. "Kwenye valvu ya mtungi na mguuni. Wavu wa yule mama, ninayajua maboya yake. Nimeufungua wote kwa mkono. Hewa ikaniishia kwenye fundo la mwisho, nikavua pezi nikaliacha."

"Na kisu?"

Akakigusa. Kilikuwa kwenye ala yake, kifungo hakijafunguliwa.

"Wavu mzima," akasema. "Hata uzi mmoja haujakatika."

Kabla hatujaufikia ufukwe alisema miguu imekufa ganzi. Baadaye akasema hajui kama ana miguu. Akanishika mkono. "Nirudishe chini," akaniambia. "Nipe mtungi, unirudishe kule chini, nipande polepole." Mitungi yote ilikuwa imekwisha, na kompresa ilikuwa Matema. Hata leo sijui kama ingesaidia. Daktari mmoja aliniambia miaka ya baadaye kwamba ingeweza kummaliza palepale. Yawezekana. Lakini ni sauti yake ile ninayoisikia, si ya daktari.

Hospitali walimpokea vizuri, wakampa hewa safi, wakafanya kila walichoweza. Ugonjwa wenyewe walikuwa wameusoma. Chombo cha kuutibu hakikuwepo, wala hakikuwepo mahali popote ambapo tungefika kwa wakati.

Mama Tusajigwe alikuja siku ya pili. Alikuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, ana mfuko wa mchele na ndizi. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Alisalimia, akavuta kiti, akakaa. Kisha akauliza, "Kwa nini hukukata?"

"Niliahidi, mama."

"Nilikuwa na hasira." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake. "Mtu mwenye hasira anadai ahadi yoyote. Wewe mkubwa mzima, unakwenda kuishika hadi kufa? Wavu unashonwa, Lackson. Mimi mwenyewe naushona. Ungenijia hata na vipande ningeshona."

Lackson akamwambia, "Ndaga fijo, mama." Asante sana. Yule mama akaanza kulia, akajifunika uso kwa khanga, na Lackson ndiye aliyembembeleza.

Vijana, hili ndilo jambo moja ambalo sikujifunza kwake. Tulizungumza kisu usiku na mchana. Chuma, meno, kidomo, mpini, ala, kama watu wanaomchumbia msichana. Hatukuwahi kukaa na wenye nyavu tukaulizana: mtu akinaswa, ana ruhusa gani? Kisu kizuri kuliko vyote kwenye ziwa hili kilikaa kifuani kwa mtu aliyeona haya kukichomoa. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha siku moja tu, ningerudisha ile ya ufukweni wavu ulipotandazwa, na ningesema, "Mama, subiri, hatuwezi kuahidi hivyo." Maneno mafupi. Nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika dumu.

Baada ya hapo tulikutana na wavuvi wa Ikombe na wa Matema. Mama Tusajigwe ndiye aliyekazania mkutano ufanyike. Tukakubaliana: mpiga mbizi akinaswa, anakata bila kuuliza. Akitoka anafunga kitambaa mahali alipokata, anakwenda kwa mwenye wavu siku hiyohiyo, na anakaa naye kushona. Mimi nilifundishwa kushona na yeye mwenyewe, kwenye baraza lake, kati ya vyungu vilivyoanikwa. Alinifundisha kwa ukali, fundo likilegea anakata nirudie. Nimekata nyavu za watu mara kadhaa katika miaka iliyofuata, mmoja ukiwa wa mjomba wangu. Alinitukana nikishona, akanipa chakula nilipomaliza.

Kwa hiyo binti, kisu chako kina chuma kizuri, usikitupe. Kata ncha kwa msumeno, taratibu, kwa maji. Weka kidomo. Ala usiifunge kwenye shavu la mguu, mguu ndio unaonaswa kwanza. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, mikono yote miwili ifike. Jifunze kukichomoa ukiwa umefumba macho, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, hadi uchoke. Kisha nenda kawatembelee wenye nyavu wa ufukwe unaozamia. Wakujue jina, uwajue maboya yao. Nenda kabla hujaingia majini.

Lackson alirudi kwao Karonga akiwa amebebwa. Tajiri alifunga kazi miaka michache baadaye, mitungi ikauzwa, na sisi tukarudi kwenye mpunga na kokoa. Nilikwenda kumwona kila nilipopata safari ya kuvuka. Mke wake, Edina, alikuwa na duka dogo la sabuni na chumvi, na Lackson alikaa mbele ya duka kwenye kiti, akishona nyavu za watu. Ndiyo, naye alijifunza. Watu walimletea kutoka mbali, kwa maana alikuwa na mkono mtulivu.

Safari moja aliniambia, "Nipeleke ziwani." Edina alikataa, akasema kuna mawimbi. Hakukuwa na mawimbi. Tulimbeba, mimi na shemeji yake, tukaingia naye hadi maji ya kifua, nikamshika mgongoni. Alikuwa amekuwa mwepesi. Alilala chali, masikio ndani ya maji, na miguu yake ikapanda yenyewe, ikaelea mbele yake sawasawa na ya mtu yeyote. Aliitazama.

"Niachie," akasema.

Nikamwachia. Alipiga maji kwa mikono, akasogea kidogo, akazunguka, akasogea tena. Edina alisimama ufukweni na taulo, akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, akasema chakula kinapoa.

Lackson akanitazama. "Mwambie aje nacho huku," akasema.